Kwa nini trela inatisha kuliko picha yenyewe?

Swali: "Nilitazama trela (tangazo fupi) ya picha moja ya kutisha simuni, saa tano usiku, taa nimezima na sauti nimefungulia mwisho. Jina la picha likatokea, nikajua imeisha, mara uso ukachomoza na ukelele, simu ikanidondoka. Wiki iliyofuata tukaitazama picha nzima kwa rafiki yangu, tuko watano, na nusu yake nilipiga miayo. Wanafanya nini ndani ya zile dakika mbili? Kuna namna ya kutazama bila kuruka? Halafu mdogo wangu wa miaka sita alikuwa anachungulia begani kwangu, na sasa hataki kulala peke yake. Nifanyeje?" Msomaji, Morogoro.

Dada yangu, pole kwa simu. Nianze na hilo jina la picha, maana hapo ndipo walipokunasa. Kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu na matangazo, na mara nyingi trela ya kutisha hujengwa kwa kuanzia mwisho. Mhariri huchagua kwanza kishindo atakachofungia, kisha hutafuta namna ya kukufanya ushushe pumzi sekunde mbili kabla yake. Jina la picha linamfanyia kazi hiyo vizuri mno. Tangu utotoni umezoea kwamba jina likitokea, tangazo limekwisha. Mabega yanalegea, kidole kinaelekea kwenye kioo upitishe kingine, na hapo hapo wanakupiga.

Ila tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kushtuka na kuogopa. Kumshtua mtu hakuhitaji ufundi. Sufuria ikidondoka jikoni unaruka, hata kama umeiona ikidondoka. Sauti kubwa ya ghafla hupitia kwenye shina la ubongo, na kope huwa zimeshafumba kabla hata moja ya kumi ya sekunde haijatimia, yaani kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza kuna nini. Ndiyo maana kujiambia "hii ni picha tu" hakusaidii kitu wakati ule. Ukifika kwenye neno "hii", mwili umekwisha kuruka.

Ufundi uko kwenye kuogopa, na kuogopa hutangulia. Imejulikana siku nyingi kwamba mtu ambaye tayari ana wasiwasi hushtuka zaidi kwa sauti ile ile kuliko aliyetulia. Mwaka 1997 Christian Grillon na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba hata giza peke yake linatosha: watu waliokaa gizani walipepesa kope kwa nguvu zaidi waliposikia kelele kuliko walipokaa kwenye mwanga. Panya ni kinyume chetu, yeye mwanga ndio unaomtia wasiwasi, kwa kuwa giza ndilo maficho yake. Kwa hiyo saa tano usiku, taa imezimwa, uko peke yako na mtoto nyuma yako: nusu ya kazi yao uliwafanyia wewe, bila malipo.

Sasa tuingie kwenye zile dakika mbili. Trela nyingi tunazoziona hutoka Marekani, na kwa kawaida hazizidi sekunde 150. Mara nyingi aliyeongoza picha siye anayezitengeneza. Vipande hupelekwa kwa kampuni za trela, watu wasio na hadithi ya kusimulia bali picha ya kuuza. Wanavipanga upya wanavyotaka, wanatia muziki ambao haumo kwenye filamu, na wakati mwingine hata kipande ambacho utakuja kukitafuta kwenye filamu usikione.

Kuna jambo la ndani ya kazi ambalo watazamaji wengi hawalijui. Kwenye kumbi za sinema za Marekani ukubwa wa sauti ya trela una kikomo. Watu walilalamika kwamba trela zinawaumiza masikio, wenye biashara ya filamu nao wakakubaliana kipimo. Lakini kipimo chenyewe huchukua wastani wa trela nzima. Jiweke kwenye kiti cha mhariri uone maana yake: kila sekunde ya kimya inashusha wastani, na inampa nafasi ya kupiga kwa nguvu zaidi mbele ya safari. Trela ya vichekesho inaongea mwanzo hadi mwisho, hivyo haina akiba. Ya kutisha inanong'ona, inanyamaza, mlango unalia kidogo, inanyamaza tena, na akiba yote inamwagwa kwenye vishindo vitatu au vinne. Huku nyumbani jambo hilo linafanya kazi kwa njia nyingine. Mtoto kwenye trela ananong'ona, humsikii, unaongeza sauti. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ilikuwa mwisho. Kile kishindo kilipokuja, kilikuta mlango umefunguliwa na mwenye nyumba.

Kisha kuna aina ya sauti. Daniel Blumstein wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ni mtaalamu wa tabia za wanyama, na kwa miaka mingi amewafuatilia marmoti, wanyama wa milimani wa jamii ya kindi. Vilio vya watoto wa marmoti wakiwa wamenaswa vilimshangaza: sauti ilikuwa inapasuka, kama spika iliyofunguliwa kupita uwezo wake. Mwaka 2010 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa sauti za filamu 102, wakaonyesha kwamba sauti za namna hiyo, zenye mikwaruzo na mapasuko, hutumika kwa makusudi kuchezea hisia, na kwamba picha za kutisha hujaza vilio na kelele za aina hiyo. Mwaka 2015 Luc Arnal na wenzake wakapima ukelele wa binadamu. Tukiongea kawaida, sauti yetu hupanda na kushuka nguvu mara 4 au 5 kwa sekunde. Kwenye ukelele wa hofu hutetemeka hivyo kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. King'ora cha hatari nacho kimo kwenye eneo hilo hilo. Sehemu ya ubongo inayoshughulikia hatari husikia mtetemo huo na kuamka, bila kujali umetoka kooni au kwenye nyuzi za fidla.

Nyuzi za fidla nimezitaja kwa sababu. Mwaka 1960, mwongozaji Alfred Hitchcock alipokuwa anamalizia filamu yake Psycho, alitaka kile kipande cha mauaji bafuni kisiwe na muziki kabisa. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akaandika muziki hata hivyo, wa fidla na ndugu zake tu, zikikwaruzwa juu kabisa. Hitchcock alipousikia akabadili msimamo. Ukitazama kipande hicho leo bila sauti utaona mwanamke, pazia, mkono na kisu. Ukirudisha sauti, shingo inakaza. Ni ukelele wa mtu, ila unatoka kwenye mbao na nyuzi.

Utasikia pia hadithi za besi iliyofichwa, ile ya chini kiasi kwamba huisikii vizuri ila tumbo linaihisi. Ipo. Mwongozaji Gaspar Noé, mzaliwa wa Argentina anayefanya kazi Ufaransa, aliitumia kwenye filamu Irréversible ya 2002, mtetemo wa kama mara 27 kwa sekunde, ukinguruma kwenye sehemu ya kwanza ya picha. Lakini hiyo ni ya ukumbini. Spika ya simu yako haiwezi kuitoa, na anayetengeneza trela ya simu anajua. Yeye atakuletea kucha zinazokwaruza ubao, pumzi karibu na kipaza sauti, ulimi unaogongwa, wimbo wa watoto uliopunguzwa mwendo.

Nikuonyeshe kipande kimoja ambacho binafsi nakipa alama za juu. The Conjuring, iliyoongozwa na James Wan, ilitoka 2013, na trela yake ilitegemea mchezo wa watoto: mmoja anafungwa kitambaa machoni, wenzake wanajificha, na akiomba wanapiga makofi ili awafuate kwa sauti. Kwanza unauona mchezo ukichezwa mchana, mama na binti yake, wanacheka. Ndani ya sekunde chache umefundishwa kanuni bila kujua kwamba umefundishwa: makofi maana yake aliyejificha yuko karibu. Kisha usiku. Mama amefungiwa kwenye ngazi za chumba cha chini ya nyumba. Anawasha njiti ya kiberiti. Mwanga wa njiti unafika usoni tu, nyuma yake ni weusi mtupu, na kamera haisogei. Sauti ya mtoto inamuuliza kama anataka kucheza. Halafu kutoka kwenye ule weusi, kando kabisa ya uso wake, inachomoza mikono miwili na kupiga makofi.

Angalia ambavyo havipo. Damu haipo, jitu lenye meno halipo, hata uso haupo. Kuna mikono na makofi, sauti ambayo umeisikia maisha yako yote kwenye harusi na kanisani. Inatisha kwa sababu kanuni ya mchana imekuambia maana yake, na maana ni kwamba aliyekuwa anatafutwa yuko sentimita chache kutoka sikioni. Kile kiberiti nacho kina kazi: njiti huisha. Unajua una sekunde kadhaa tu, na unazihesabu hata usipotaka. Hitchcock alizoea kueleza jambo hili kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka bila taarifa, watazamaji wanashtuka mara moja, ukiwaonyesha bomu kwanza, kisha ukawaacha wahusika wakipiga soga, unawapa dakika 15 za roho mkononi. Pale kwenye ngazi bomu ni njiti ya kiberiti.

Mbinu ya kushtua kwa kitu kisicho na hatari yoyote ina umri mkubwa. Kwenye Cat People ya 1942, iliyotayarishwa na Val Lewton na kuongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani. Nyuma yake kuna viatu vinagonga lami. Vinaacha kugonga. Anageuka, hakuna mtu. Anaharakisha, wewe unasubiri mnyama, na kinachoruka kuingia kwenye fremu ni basi la abiria, breki zake za upepo zikitoa mlio kama chui anayekoroma kwa hasira. Wahariri wa Marekani hadi leo huiita mbinu hiyo basi la Lewton. Bajeti ya picha ile ilikuwa ndogo, na naamini umaskini huo uliisaidia, maana hawakuwa na fedha za kuonyesha mengi.

Na hilo linajibu swali lako la miayo. Trela inakopa tu, hailipi. Inakuuliza nani anapiga makofi, nani amesimama nyuma ya pazia, kisha inakatika na kukuachia maswali kitandani, na akili yako inayajibu kwa kile ambacho wewe hasa unakiogopa. Filamu haiwezi kukatika hivyo. Lazima ifike mahali ilipe: imtoe huyo kiumbe gizani, impe jina, ieleze alikufaje na anataka nini. Akishaonekana mwili mzima anakuwa mtu aliyepakwa rangi, au kazi ya kompyuta. Mwongozaji Steven Spielberg aliokolewa na ubovu wa mashine. Papa wa bandia waliyemtengenezea Jaws ya 1975 alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi picha ibaki na maji, maboya na noti mbili za muziki wa John Williams. Papa haonekani vizuri mpaka picha imekwenda zaidi ya saa nzima. Angekuwa mzima, nadhani tungemwona mapema na tungemzoea mapema.

Kuzoea ndilo jambo la pili. Mshtuko wa kwanza unakurusha, wa nne unakufanya ushike mto, wa tisa unausubiri ukitazama saa. Na vile vizuri kuliko vyote ulikuwa umeshaviona kwenye trela. Halafu mlikuwa watano. Mmoja akicheka, hofu ya wote inapata pa kutokea. Paranormal Activity waliligeuza hili kuwa biashara: picha iliyotengenezwa kwa dola 15,000 hivi, na trela yake ya 2009 ikawaonyesha zaidi watazamaji ukumbini, wamepigwa picha gizani, wakirukiana na kuficha nyuso. Hukuoneshwa sana wanachokiogopa. Ulioneshwa watu wazima wakiogopa, ikatosha.

Kwetu tuna ushahidi mzuri wa upande wa pili. Waliokulia vibanda umiza wanakumbuka picha za kutisha zilizotiwa maneno na watafsiri kama Lufufu. Mzimu unanyata, kimya kinatakiwa kitande, lakini mtafsiri hakubali kimya: anamtania mzimu, anamshauri stelingi akimbie, anakisia bei ya nguo yake. Kibanda kizima kinaangua kicheko. Ilikuwa burudani ya aina yake, tena nzuri, ila hofu ilikuwa imekufa kwa sababu moja tu, kimya kimejazwa. Picha zetu nyingi za majini hufanya kosa hilo bila hata kicheko. Radi, kinanda, mlio wa bundi, radi tena, kuanzia dakika ya kwanza. Mtengenezaji akiniletea kazi ya namna hiyo, kitu cha kwanza ninachofanya ni kufuta muziki wa dakika tano kabla ya jini kutokea. Wengi hudhani nimeharibu, mpaka wakae waitazame.

Nina neno kuhusu matangazo ya mtandaoni, kwa sababu hapa ufundi unageuka kuwa uhuni. Agosti 2018 tangazo fupi la The Nun, picha ya mtawa wa kutisha, liliwekwa YouTube. Lilionyesha alama ya sauti ya simu ikishuka, kana kwamba simu yako inajizima sauti. Mtu anasogeza uso karibu, anashangaa simu ina nini, na hapo sura ya yule mtawa inaruka kwa ukelele. Watu waliotaka kutazama mambo yao mengine walirukishwa bila kuombwa. Malalamiko yakawa mengi, YouTube ikaliondoa kwa kuvunja kanuni zake za maudhui ya kushtua. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, ukumbi mmoja wa Perth, Australia, ulirusha kwa bahati mbaya trela ya Hereditary mbele ya familia zilizokuja kutazama picha ya watoto, Peter Rabbit. Wazazi walikuwa wakiziba watoto macho na masikio, wengine wakatoka nao mbio. Anayekata tiketi ya picha ya kutisha ameridhia. Hawa hawakuridhia chochote.

Kuhusu kutazama bila kuruka: shughulika na sauti kwanza. Tazama trela mara ya kwanza ukiwa umezima sauti, utashangaa jinsi inavyonywea. Ukitaka sauti, iweke chini na usiiongeze watu wakinong'ona, hata ukikosa maneno. Washa taa. Muziki ukikatika ghafla jua kuna kitu ndani ya sekunde chache zijazo, na mhusika akiwekwa pembeni mwa fremu huku nafasi kubwa ikiachwa tupu, macho yaweke kwenye hiyo nafasi. Na jina la picha likitokea, usishushe pumzi.

Mdogo wako ni habari nyingine. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitumia miaka mingi kuchunguza watoto na hofu za filamu na televisheni, na jambo moja lililojitokeza ni kwamba watoto wadogo hawatulizwi sana na maelezo. Ukimwambia "yule ni mwigizaji, amepakwa rangi", anaweza kuitikia vizuri tu, na usiku bado asilale. Mtoto wa miaka minane au tisa maelezo yanamsaidia. Wa miaka sita yuko njia panda, kwa hiyo mpe yale yanayofanya kazi kwa wadogo: mkono wa kushika, taa ndogo, mtu wa kulala naye siku kadhaa, kinywaji cha moto kabla ya kulala. Usimcheke, na wale wakubwa wanaomvizia mlangoni na kumfanyia "bhuu" wakome. Usimrudishie trela ile ili azoee, hajakuomba. Akitaka kuchora ule uso au kuuigiza mchana, mwache, na aukatekate akipenda. Ikipita wiki kadhaa bado halali au anaota ndoto hizo hizo, mpeleke kituo cha afya wamwone.

Na kwenye simu yako, zima ile sehemu inayocheza video zenyewe moja baada ya nyingine. Ukishatazama trela moja ya kutisha, programu itakuletea kumi, na hutajua ni nani atakayekuwa ameishika simu wakati trela ya sita inaanza.